Mteja wa Kwanza wa Bembea

Asteria wa Chome hapendi safari isiyo na mzigo wa kuuza. Hushuka mjini Same na maharage na tangawizi aliyokusanya kwa wakulima, akauza, akarudi mlimani. Ndiyo maana asubuhi ile ya siku ya pili ya Krismasi, aliposhuka garini bila gunia hata moja, binti yake Jenifer akiwa mgongoni kwenye mbeleko, wanawake wa sokoni walimtania.

"Mama Jeni, leo umeleta bidhaa gani hiyo?"

"Hii haiuzwi," akajibu, akapita. Hakuwa na nguvu ya utani.

Jenifer ana miaka minane na mtindio wa ubongo. Hatembei, shingo haikai sawasawa, maneno hayatoki. Miguu yake mirefu ilikuwa inampiga mama yake magotini kila hatua. Baba yupo, yuko Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na huja anapokuja. Kulea ni kwa mama.

Krismasi ya mwaka uliotangulia binamu za Jenifer walishuka Same wakapanda bembea ya kuzunguka, wakarudi na kelele zao hadi usiku. Tangu hapo, kila mama yake alipojiandaa kwenda sokoni, Jenifer alizungusha mkono hewani, polepole, mduara baada ya mduara. Asteria alielewa siku ile ile, akajifanya hajaelewa. Halafu mwezi wa kumi na moja, akimpeleka kliniki, mgongo ulimkatalia njiani. Alikaa kando ya barabara mtoto akiwa mapajani, akapiga hesabu ya mtu mzima: mwakani huyu habebeki. Kama ni bembea, basi ni mwaka huu.

Wenye bembea ni watu wa kuhama, hufuata sikukuu mji kwa mji. Asteria alifika uwanjani kwao kabla hawajafungua, na alifanya makusudi. Penye foleni hakuna anayepatana na mtu. Alimkuta kijana ananyunyiza maji ya chumvi kuizunguka bembea kubwa ya viti, kama baadhi ya wafanyabiashara wanavyofanya asubuhi ili siku iende vizuri. Mlangoni, juu ya kigoda, alikaa mwanamke mtu mzima na mfuko wa tiketi kiunoni. Huyo ndiye Bi Lukia, mwenye mali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Naomba tiketi mbili. Yangu na ya mtoto."

Kijana akaweka ndoo chini. "Mama, samahani. Huyu hawezi."

"Hawezi nini?"

"Kukaa. Mkanda wetu ni wa watoto wa kawaida."

Kwenye kupatana Asteria hana haraka ya kujibu. Humwacha mwenzake amalize sababu zote, kwa kuwa ile ya kweli huwa inakuja mwishoni.

"Na watu wazima hawaruhusiwi," kijana akaendelea. "Labda mje jioni, watu wakipungua."

"Jioni gari la Chome limeshaondoka."

"Sasa mama, na mimi nifanyeje? Ndiyo kwanza tunafungua. Watu wakija wakamkuta huyu ndiye ametufungulia, siku yetu itakuwaje?"

Hapo ndipo Asteria alipokuwa anapasubiri.

"Unaitwa nani, baba?"

"Majaliwa."

"Majaliwa, mimi nauza gulioni. Mteja wa kwanza akifika kwangu, hata awe mlevi, haondoki mikono mitupu. Nitampunguzia mpaka achukue. Nikimwacha aende, nitashinda nafukuza nzi. Wewe umemwaga chumvi yote hiyo, halafu mteja wa kwanza unamfukuza. Chumvi yako ifanye kazi gani?"

Bi Lukia akacheka hadi mfuko ukatikisika. "Majaliwa, umekamatwa! Mjibu sasa." Kisha akaacha kucheka. "Lakini mwanangu, akidondoka? Watatubomolea bembea hapa hapa."

"Hilo ni neno, mama," Asteria akasema, na alimaanisha. Akaifungua mbeleko, akaketi kwenye kiti kimoja cha bembea, akamkalisha Jenifer ubavuni mwake, akapitisha kitenge hicho kifuani mwa mtoto, kwapani mwake mwenyewe, nyuma ya kiti, akakaza fundo kama anavyofunga magunia. "Vuta."

Majaliwa akavuta. Akavuta tena, mguu ameukanyagia kwenye chuma.

"Limeshika," akakubali shingo upande.

"Sasa utupeleke polepole."

"Mama, injini hii haijui polepole. Inajua kuwaka na kuzima."

"Basi washa, zima. Washa, zima. Kazi hiyo imekushinda?"

Bi Lukia akakata tiketi.

Bembea ikaondoka kwa kushtuka, ikalegea, ikashtuka tena. Mikono ya Jenifer ilikakamaa, kinywa kikawa wazi, na sauti ikamtoka, ndefu na nene. Asteria anazijua sauti zote za mtoto wake: ya njaa, ya maumivu, ya kukataa uji. Hii hakuijua. Alimgeukia kumtazama usoni, asipate jibu. Macho tu yalikuwa yanafuata kila kitu kilichopita. Akamfuta udenda, akangoja.

Iliposimama, familia za kwanza zilikuwa zimefika mlangoni, watoto wamevaa nguo mpya. Majaliwa akaja kufungua fundo.

"Haya mama, zamu imekwisha."

"Ngoja. Ameshika mnyororo."

Kweli, vidole vya Jenifer vilikuwa vimeuzunguka mnyororo wa kiti, vimebana hadi vikawa vyeupe. Majaliwa akajaribu kimoja kimoja, akaogopa kukivunja. Ipo namna ya kuvifungua: unakunja kiganja kuelekea chini, taratibu, na vidole vinaachia vyenyewe. Nesi wa kliniki alimfundisha Asteria, naye huifanya kila asubuhi akimwogesha. Hakuifanya. Hakumwambia Majaliwa pia.

"Haachii," alisema tu.

"Mama, watu wanasubiri!"

Bi Lukia akawatazama wale watoto mlangoni. Wote walikuwa wanaitazama bembea.

"Washa," akasema. "Wacha waone inavyokwenda."

"Na huyu?"

"Si ameshakaa? Washa, bwana."

Injini ikanguruma. Safari hii Majaliwa hakuzima. Jenifer alianza tena sauti yake, na watoto wa mlangoni wakaiiga. Asteria aliegemeza kichwa kwenye chuma cha kiti, akafumba macho. Tangu alfajiri, ni kwenye kiti hiki tu uzito wa mtoto ulikuwa umekaa juu ya kitu kingine, akaamua kuutumia muda huo kupumzisha mgongo.