Nyama ya Baraza

Mafuta ya ng'ombe yakidondokea makaa, hadi leo mimi huinuka nikaenda mbali na moto.

Kwetu Songea, wazee wakiwa barazani, hakuna aliyegusa nyama kabla ya shauri kwisha. Kila mzee alisema lake, hata la kumpinga mkubwa, na kula pamoja ndiko kulikokuwa kukubali. Akida wa Wajerumani, mtu asiye na haya hata chembe, aliijua desturi hiyo. Alichinja dume nono, akawalisha wazee kwanza, akisema ni ukarimu tu. Babu alinipakata, akanitilia minofu mdomoni kwa vidole vinavyong'aa mafuta.

Tuliposhiba, akida alisimama.

"Mmekula, basi mmekubali. Kila nyumba itatoa kijana wa kubeba mizigo ya boma."

Wazee walifuta midomo, wakatazama chini. Babu aliniteremsha, akajitia vidole kooni, akaitapika nyama yote mbele ya viatu vya akida.

"Mimi sijala," alisema. Kisha akanigeukia, ndevu zikichuruzika matapishi. "Na wewe, mjukuu wangu, itoe."

Nilifumba mdomo kwa nguvu. Nyama ilikuwa tamu.