Nani Kakulazia Nyasi

Muda mfupi baada ya kumzika mume wangu nilirudi darasani kufundisha Kiingereza. Katika kifungu cha siku hiyo lilikuwemo neno widow. Nikawaambia wanafunzi maana yake ni mjane, wakaandika. Nililitamka kama ninavyotamka meza au dirisha.

Kwenye chumba cha walimu nilifungua kamusi kubwa nione neno lenyewe limetoka wapi. Mzizi wake wa kale, kamusi ilisema, ni kutenganishwa, kubaki mtupu. Na jina la mwanamume aliyefiwa na mke lilichongwa baadaye kutoka hilo la mwanamke. Kumbe hata huko tulitangulia sisi. Nikafunga kamusi, nikanywa chai iliyopoa. Sikuhisi kitu.

Nyumbani Maguu shamba letu liko mlimani, la ngolo, yale mashimo yanayozuia maji ya mvua yasibebe udongo. Kwetu mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Mwanamke hufuata na jembe, akazifukia kwa udongo anaouchimba katikati. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alishatamka: nyasi zisipolazwa msimu huu, shamba atalichukua yeye. Alijua vizuri sana kwamba sina mwanamume.

Jumamosi nikapanda shambani na fyekeo mchana kweupe. Nilifyeka, nikalaza. Miraba yangu ilikwenda upande, mingine kama kazi ya mlevi. Waliopita njiani walikatisha mazungumzo. Na wakatishe, sikuwa na nguvu hata ya kuona haya.

Mama mkwe akaja, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakulazia nyasi?"

"Mimi mwenyewe."

Akazunguka shamba, akanyoosha mstari mmoja kwa mguu. Naye ni mjane, tangu mume wangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Siku zote tuliambiwa kwamba baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyekuwa akimlazia nyasi, nikamuuliza kama ni kweli.

"Hajawahi," alisema. "Nilikuwa nawahi alfajiri, nalaza mwenyewe. Watu wakiamka, namsifu yeye."

Akainama, akaanza kuchimba mraba wa kwanza.

"Wewe laza hivihivi, mwanangu. Mchana."

Nikashika jembe langu nikamfuata. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, huku nachimba.