Mafuta ya Goti Ndani ya Pikipiki

Mpaka nilipokaribia miaka thelathini, nina cheti cha shule ya usiku ukutani na ndevu kamili kidevuni, niliamini kuwa karafuu zote za Pemba zinapelekwa Ulaya kukamuliwa mafuta ya mitambo. Wala sikuamini nusunusu. Ungeniamsha usingizini ningekuapia. Na hoja nilikuwa nazo. Pilau ya arusi nzima haimalizi kiganja kimoja cha karafuu, nasi kila msimu tulikuwa tukichuma, tukichambua na kuanika mpaka nchi nzima ikageuka rangi, na magunia yakapangwa bandarini hadi jua likachelewa kuchomoza. Watu gani hao wa kula zote hizo? Mataifa mazima yangekufa ganzi ya ulimi. Barazani tulikuwa tumekwisha kata shauri: Mzungu hali karafuu, Mzungu ana mashine, mashine haiendi bila mafuta. Nani atabisha?

Hilo likanitia uchungu wa namna yake. Sisi ndio tunaoparamia mikarafuu na kuteguka viuno, kisha karafuu zetu zinaturudia ndani ya kopo lililozibwa, na juu yake anakuja mtu kutuambia tusiliguse.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi kutoka Unguja. Wakati huo wa vita vikuu mimi nilikuwa tarishi wa mnunuzi mmoja wa karafuu mjini Chake Chake, tuliyemwita Tajiri. Nikikaa Madungu, na kazi yangu ilikuwa kupeleka barua mashamba na kurudi na vifurushi vya karafuu ili Tajiri azione kabla hajatoa bei. Miaka mitatu nilifanya kazi hiyo kwa miguu. Nilikwenda Kiuyu na kurudi mara nyingi hata visigino vyangu vikawa vigumu kuliko viatu vya askari. Halafu Tajiri akanunua pikipiki kwa Mzungu aliyekuwa akihama, nami nikapewa niiendeshe.

Ilikuwa kuukuu. Nadhani ilikosa kidogo tu kupanda safina ya Nabii Nuhu. Lakini haikuwa na mnyororo kama pikipiki nyingine. Kutoka kwenye injini kulikuwa na chuma kirefu kinachozunguka ndani ya bomba mpaka gurudumu la nyuma, na pale gurudumuni pana kichungu cha chuma chenye magurudumu ya meno ndani yake. Kwa hiyo ilikuwa na matumbo matatu ya mafuta: injini, giaboksi na hicho kichungu cha nyuma. Injini ikinywa mafuta mepesi, hayo mawili mengine yakitaka mazito. Nilijivuna nayo. Nikipita Madungu nilikuwa napunguza mwendo ili wasioniona wanione.

Fundi alikuwa akija na boti mara moja kwa miezi mingi. Akija alijifungia uani na pikipiki, akafunika dirisha kwa gunia, akatoka baadaye akijifuta mikono. Mara ya mwisho nilimwomba anionyeshe.

"Nikuonyeshe nini?" akasema. "Wapemba nyinyi mkiiona bolti mnadhani tunda. Mtaichuma kabla haijaiva."

"Tunachuma karafuu juu kabisa kwenye vilele," nikamjibu. "Hiyo bolti iko chini. Itatushinda nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamwambia Tajiri kwamba mafuta ya ndani yamechoka, na kwamba vita vimefanya mafuta mazito yasipatikane ila kwake. Atakuja nayo. Kabla hajaja, mtu asiiguse. Na kama atakuta imeanza kulia, haitengenezeki tena, basi yeye yuko tayari kuichukua kama chuma chakavu.

Miezi ikapita. Baadaye ikaja barua kuwa atafika na boti ya Alhamisi wiki mbili zijazo. Mafuta hakuyataja. Tajiri akaniita.

"Sikiliza," akaniambia. "Akija, ataipandisha kilima cha kutoka bandarini. Ikipanda kimya, inabaki. Ikilia, anaondoka nayo, nawe utarudi kwenye miguu yako."

Basi nikaelewa mchezo wote. Yule fundi hakuwa anachelewa. Alikuwa anangoja pikipiki ife aichukue bure. Nikasema moyoni: wallahi haifi, labda nife mimi kwanza.

Pikipiki ilikuja na kitabu chake. Kiliandikwa kwa lugha ya Kizungu ambayo hata Wazungu wa hapa hawakuijua, lakini kilikuwa na picha, na picha ilikuwa na mishale mitatu. Mtu aliyesoma shule ya usiku kwa taa yenye moshi hashindwi na mshale. Ijumaa baada ya Sala nikaisukuma pikipiki mpaka uani kwetu, mchana kweupe, mlango wazi. Sikufunika dirisha. Nilitaka kila apitaye aone.

Kwanza niliizungusha njia ya kwenda Pujini na kurudi, ipate moto. Hilo sikufundishwa na mtu. Samli iliyoganda haimwagiki, ukiipasha inamwagika, na nikaona mafuta ni mafuta. Kisha nikafungua kifuniko cha juu kabla ya bolti ya chini, maana kama kingekataa, ningebaki na mashine tupu isiyo na pa kujazwa. Nikatega beseni, nikailegeza bolti ya chini kwa spana. Mafuta yakashuka meusi ti, yananuka kama jungu lililoungua, na mwisho wake yakatoa vumbi la chuma linalometameta.

Majirani walikuwa wameshajaa. Mmoja, muuza mbata, akauliza, "Yakhe, hayo machafu unayamwaga wapi?"

"Kwani vipi?"

"Nguzo za banda langu zaliwa na mchwa. Nipe miye."

"Na miye!" akadakia mwenziwe. "Weye una nguzo mbili tu, miye nina sita!"

Walikaribia kupigana. Kwa siku ile mafuta machafu ya pikipiki yalikuwa na thamani kuliko samli ya Idi.

Injini nikaijaza mafuta mepesi, maana Mzungu alikuwa ameacha kopo moja zima. Giaboksi na kichungu cha nyuma nikavimwaga, nikaviosha kwa mafuta ya taa. Vikabaki vitupu, vikinikodolea macho. Mafuta mazito sina. Maduka yote ya Chake Chake hayana. Fundi anayo, au anasema anayo.

Hapo ndipo elimu yangu ya barazani iliponishika mkono. Kama mafuta ya mitambo ni karafuu, kwa nini nimngoje mtu avuke bahari kuniletea kilichojaa kwenye majamvi ya jirani?

Bibi yangu alikuwa akipika mafuta ya kukandia viungo: tui la nazi linachemshwa mpaka litoe mafuta, kisha karafuu zinatiwa humo na kuachwa jikoni kwenye moto mdogo mpaka mafuta yawe mekundu. Wazee wa Madungu nzima walitembea kwa mafuta yale. Nikamwendea.

"Shikamoo, bibi. Nataka mafuta ya goti, chupa mbili."

"Marahaba. Chupa mbili? Goti la nani hilo, la tembo?"

"La pikipiki."

Akaacha kukuna nazi. "Ni kazee?"

"Kazee sana."

"Basi n'takuongezea karafuu," akasema. "Na usikatie mafuta kangali baridi, kafunike gunia."

Nikajaza giaboksi na kichungu mpaka mafuta yakachungulia kwenye tundu, nikafunga, nikapiga teke. Ilinguruma vizuri kupita siku ile ilipozaliwa. Na harufu! Kesho yake nilikwenda Kiuyu, na kila kijiji nilichopita watu walitoka nje wakidhani kuna arusi inapita. Bibi mmoja aliniuliza bwana arusi yuko wapi. Nikamjibu kuwa ndiye anayenguruma. Nilirudi Chake Chake nikiimba, nikimtukana fundi kwa kila kona, na kona za njia ile ni nyingi.

Siku tatu ikaenda hivyo. Siku ya nne Tajiri akanituma Pujini. Nusu ya njia nikasikia kitu kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikapunguza mwendo, paka akapunguza sauti. Nikaongeza, akapiga mayowe. Nikashuka nikakuta gurudumu la nyuma limelowa, mafuta ya bibi yanatiririka kwenye tairi, mepesi kama maji ya dafu. Kichungu kilikuwa cha moto hata nikikitemea mate yanakauka papo hapo. Nikaketi pembeni ya njia. Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Nilijua kuwa Pujini anakaa mzee mmoja mwenye asili ya bara, ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye vyumba vya injini vya meli za moshi, kazi yake kutia mafuta. Siku hizo alikuwa analima muhogo. Nikaisukuma pikipiki hadi kwake, nikafika nimelowa jasho kuliko tairi.

Alisikiliza, akachovya kidole kwenye kichungu, akanusa. Akanusa tena.

"Mjukuu wangu, umeitia nini?"

"Mafuta ya nazi na karafuu, mzee."

"Inaumwa na kichwa pia, au goti tu?"

Alicheka akashika nguzo. Nami nikasimama wima. "Mzee, nicheke utakavyo. Lakini nimefungua mwenyewe na nimefunga mwenyewe, na Alhamisi simpi mtu pikipiki hii."

Akaiachia nguzo. Kisha akaingia ndani, akatoka na bati la zamani lililofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na mafuta mazito, ya rangi ya asali iliyoungua, yanayoshuka polepole kama mtu asiyetaka kwenda.

"Haya ni ya meno," akasema. "Nimeyaweka tangu niache meli. Lete nikutilie."

"Niachie nitie mimi."

"Tia, basi. Bishi weye."

Nikamwaga mafuta ya bibi. Akamulika ndani kwa kioo kidogo kilichorudisha jua, akageuza gurudumu taratibu, akahesabu meno kwa ncha ya kijiti. Mazima yote. Wosha ya shaba, ile pete ya kuzibia bolti ya chini, ilikuwa imebonyea, akanionyesha kuipasha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu na kuitumbukiza majini, ilainike iweze kuziba tena. Nikatia mafuta nyuma, nikatia giaboksi, nikafunga. Njia nzima ya kurudi niliinama ubavuni kumsikiliza yule paka. Hakurudi.

Alhamisi fundi akashuka botini na kamba mkononi, ya kufungia pikipiki. Kamba mpya! Tajiri alikuwa bandarini, na nusu ya Madungu pia, wakiwemo wale wa nguzo. Fundi akapiga magoti, akafungua bolti ya kupimia kwenye kichungu, akachovya kidole, akasugua mafuta kati ya vidole viwili.

"Nani kayabadilisha haya?"

"Miye."

"Nani kakuruhusu?"

"Wewe ulisema bolti ni tunda. Nimeliona limeiva."

Watu wakaangua kicheko. Fundi akapanda mwenyewe, akakanyaga, akashika kilima kwa hasira, mwendo wa kutaka kuivunja. Tukasikiliza. Injini ilinguruma, mbuzi wakakimbia, lakini nyuma kimya. Akafika juu, akageuza, akashuka, akapanda tena. Kimya.

"Bahati," akasema aliporudi.

"Bahati haishiki spana," nikamwambia.

Tajiri akatusogelea. Alichukua funguo mkononi mwa fundi akanirushia mimi, kisha akaenda zake dukani. Fundi alirudi Unguja na boti ileile na kamba yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyefunika dirisha letu kwa gunia.

Wiki iliyofuata nikaenda Pujini kumrudishia mzee bati lake, nimemfungia na sukari kidogo, maana sukari ya wakati ule ilikuwa ya kupanga foleni. Nilikuwa nimevimba kwa sifa hata mlango wake uliniwia mwembamba. Nikamwambia sasa nimejua siri ya Wazungu: karafuu zetu wanazipika muda mrefu kuliko bibi yangu, ndiyo maana mafuta yao yanakuwa mazito. Nipewe tu jungu kubwa na wiki mbili, nitawashinda.

Mzee akaweka sukari chini.

"Mafuta ya mashine huchimbwa ardhini," akasema, "kama maji ya kisima. Karafuu hazimo. Karafuu zenu huenda kisiwa cha Java, watu wa kule huzikata wakachanganya na tumbaku wakavuta. Nimeziona zikishushwa kwa macho yangu."