Niliomba mwalimu wa calculus, nikaletewa mla sambaza: yaliyonikuta Kamembe

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Leo naandika kwa sababu hasira imenifika hapa kooni, na nisipoitoa itanipa vidonda vya tumbo. Ninayosema yamenikuta mimi mwenyewe. Aliye Rusizi akitaka kuhakikisha aje nimwonyeshe karatasi, ninazo zote.

Mtanivumilia Kiswahili. Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Bukavu, Congo, ng'ambo tu ya mpaka, tukarudi huku nikiwa msichana mkubwa. Sasa naishi Kamembe, hapa Rusizi, nina mume na watoto wawili, mkubwa ni Bénie, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wikendi nasoma ujenzi chuoni.

Kwa nini nasoma na umri huu? Kwa sababu miaka sita nimewapimia mafundi misumari na nondo, na nimechoka. Nataka kuwa yule anayechora nyumba, siyo yule anayeulizwa "misumari ya inchi nne iko?"

Kikwazo kilikuwa calculus, ile hesabu ya juu ya chuo.

Nilishaifeli mara moja. Chuoni kwetu ukilifeli somo hilo mara ya pili, unaondolewa kwenye kozi. Hakuna kubembelezana. Nilikuwa nimebakiwa na miezi mitatu kabla ya mtihani wa marudio, nikaamua kutafuta mwalimu wa kuja kunifundisha nyumbani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nalikiri mapema ili msije mkanishambulia kwenye comments.

Kwenye group la WhatsApp la parokia niliandika hivi: "Natafuta mwalimu wa calcul, aje nyumbani."

Sisi tuliosoma Congo Kifaransa kinatutoka bila kupiga hodi. Niliona calculus na calcul ni kitu kimoja, tofauti ni mkia tu. Nilisahau kabisa kwamba kule kwetu "calcul" ni ile hesabu ya shule ya msingi, ya kujumlisha na kutoa! Haya mambo ya derivative sisi tuliyaita "analyse".

Wa kwanza kunipigia alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, sauti tamu kweli.

"Maman, mutoto iko na miaka ngapi?"

"Mutoto njo mie, maman. Niko na miaka makumi tatu na mbili."

Akajibu kwa huruma nyingi: "Haiko mbaya, maman. Hata ukubwani muntu anajifunzaka kuhesabu."

Nilicheka mpaka machozi. Nilipomweleza ninachotaka, naye akacheka, akasema, "Ile siiweze, nisikudanganye." Mungu ambariki yule mama. Ndiye mtu wa kwanza na karibu wa mwisho kuniambia ukweli katika kisa hiki.

Wa pili akaja Prof.

Jina lake silitaji. Watu wa Kamembe wanamwita Prof na yeye anaitika. Koti hata kwenye jua, kalamu tatu mfukoni. Siku ya kwanza nilimwekea module ya chuo mezani, nikaifungua kwenye ukurasa wa derivatives kabisa, asije akasema hakuona. Akapitisha kidole kwenye mistari, akatikisa kichwa kama daktari anayesoma majibu ya damu.

"Calcul? Ile njo kazi yangu, maman. Niko nafundisha calcul tangu haujaolewa."

Nikaamini. Jumamosi iliyofuata tukaanza.

Jumamosi ya kwanza: asilimia.

Ya pili: sehemu. Ndiyo, robo na nusu.

Ya tatu: tena asilimia, kwa sababu "haijaingia vizuri".

Nikamuuliza, Prof, derivative tutafika lini? Akaweka chini kikombe cha chai.

"Maman, unapenda mbio. Nyumba inaanziaka na fondation."

Sasa mimi mtu wa kuuza saruji ukiniambia habari za msingi, nitabisha nini? Nikanyamaza. Na wakati huo kila Jumamosi namkaangia sambaza, vile visamaki vyetu vya ziwa, sahani nzima, anakula mpaka vichwa. Wakuu, kama hasira ya sambaza ingekuwa kosa la jinai ningeshafungwa.

Wiki ya nne nikagoma. Nikampa karatasi za mazoezi kutoka kwa lecturer, na humo nilikuwa nimejaribu mwenyewe kwa penseli, maswali kama kumi na mawili. Nikasema, Prof, leo tunaanza na hizi. Akazitazama, akaangalia saa, akazikunja. Akasema ataenda kuzisahihisha kwake kwa utulivu.

Jumamosi iliyofuata akarudi na majibu. Safi! Kila hatua kwenye mstari wake, mwandiko wa kupendeza, jibu la mwisho limefungwa kwenye kisanduku. Karatasi zangu mimi hazikurudi, eti ameziweka "mu dossier", kwenye faili lake. Nikamwomba anieleze ile hatua ya pili imetoka wapi.

"Mu mathématique muntu haulizake sana, maman. Anashika tu."

Basi nikashika. Nilikariri zile hatua kama sala ya asubuhi, nikiwa dukani, nikiwa jikoni. Tukafanya hivyo mara tatu: natoa karatasi zenye majaribio yangu, yanarudi majibu yenye visanduku, nakariri.

Kikaja kijaribio cha chuo. Lecturer alibadilisha namba tu, na mimi nikapotea. Nilipata sita juu ya ishirini. Nililia kwenye choo cha chuo, nanawa uso, nalia tena.

Jumamosi hiyo Prof akaja kama kawaida, akala kama kawaida. Wakati wa kuondoka mume wangu akamsindikiza mpaka mlangoni. Nilikuwa jikoni na dirisha liko wazi, nikasikia kila neno.

"Papa Bénie, bibi yako iko na kichwa nguvu. Ile masomo haiko ya banamuke. Umuambie alee batoto, njo vizuri."

Mume wangu ni mtu mwema, hakusema vibaya. Aliingia, akakaa karibu yangu, akasema polepole, "Maman Bénie, labda tuachie hapa? Niko naona unachoka bure."

Angenifokea ningejibu. Ile huruma yake ndiyo iliniumiza. Kwa mara ya kwanza na mimi nikawaza kwamba labda ni kweli, labda kichwa changu ni cha misumari tu.

Nikachukua zile karatasi za majibu kuzitazama mara ya mwisho kabla ya kuziweka kabatini. Mbili zilikuwa zimeshikana, bado zina ile pini ya chuma. Nikazitenganisha, na ya ndani ilikuwa karatasi yangu, mojawapo ya zile zilizoenda "mu dossier". Penseli yangu ile ile. Ila pembeni mtu alikuwa ameandika kwa bic, kalamu ya wino, nyekundu, na mwandiko ni ule wa visanduku:

"Huyu petit iko na akili. Anajua kufikiri. Anasahabu tu constante C. Umulete huku tusome pamoya."

Niliisoma labda mara kumi.

Petit, kwa sisi, ni mdogo wako, kijana wa nyumbani. Petit gani? Nikageuza karatasi ya majibu iliyokuwa juu yake. Nyuma yake yalikuwa yamechapwa maswali ya hesabu ya sekondari, shule moja ya Mibirizi, kule juu mlimani, na jina la mwalimu: Madame Odette.

Wakuu, hapo damu ilichemka. Mwalimu wangu hakuwa mwalimu wangu. Mwalimu wangu alikuwa Mibirizi, ananisifu, ananiita niende, na yule mla sambaza anaficha barua halafu anakuja kumwambia mume wangu sina akili!

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikapanda moto, yaani pikipiki, mpaka Mibirizi. Nilimkuta Maman Odette wakati wa mapumziko, mama wa makamo, chaki mpaka kwenye kiwiko. Nikampa ile karatasi. Akaitambua mara moja, uso ukang'aa.

"Ah! Petit ya Prof! Alipona? Ile homa ilimuacha?"

Homa? Nikauliza, homa gani, maman?

Kumbe Prof, ambaye waliwahi kufundisha naye shule moja ya msingi zamani, alimwambia ana mpwa wake mgonjwa, amelala kitandani, hawezi kupanda mlima, na mtihani unakaribia. Eti amsaidie tu kusahihisha, Mungu atamlipa.

"Maman," nikamwambia, "ule petit njo mie. Na sijaguaka hata siku moja."

Akakaa kwenye benchi.

"Kila Jumamosi niko namuandikia polepole, hatua kwa hatua, juu najua mugonjwa anachokaka haraka. Nilimuombea ule mutoto kanisani. Nilimuombea!"

Halafu akasema maneno ya Kinyarwanda ambayo hayafai kuandikwa kwenye jukwaa lenye watu wazima wenye heshima zao.

Jumamosi Prof akaja. Nikaweka karatasi mezani, maandishi ya bic nyekundu yakiwa juu. Nikasema, Prof, nisomee hapa.

Akavaa miwani. Akasoma taratibu kama ndiyo kwanza anaiona. Mnajua alichosema?

"Maman, wewe mwenyewe uliandika mu groupe: calcul. Mie nilikufundisha calcul."

Nilitaka kucheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja. Kwa neno hana kosa, neno ni langu. Lakini module aliiona siku ya kwanza! Angesema "siiwezi" kama yule mama mstaafu, ningempa chai na heshima yangu yote. Mficha uchi hazai, sawa, lakini huyu alificha wake halafu akanizuia mimi kuzaa. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, alisikia yote, akainamisha macho. Akaomba msamaha baadaye, nikampokea. Prof hakuomba. Aliuliza kama chai imeisha. Nikaondoa sahani ya sambaza mbele yake, akaelewa kikao kimefungwa.

Zilibaki wiki tatu. Nilipanda Mibirizi kila Jumatano na kila Jumamosi baada ya vipindi.

Niwape mfano mmoja muone mwalimu ni nini. Chain rule ilikuwa imenishinda kabisa. Maman Odette akaniuliza, ukitaka kununua kitu Bukavu na mkononi una faranga za Rwanda, unafanyaje? Nikasema, nageuza faranga kuwa dola, halafu dola kuwa franc za Congo. Akauliza, ili ujue moja kwa moja faranga yako ni franc ngapi za kule, unajumlisha zile taux mbili, vile viwango vya kubadilishia? Nikasema hapana, nazidisha. Akanipa chaki.

"Njo hiyo tu, maman. Andika."

Miaka yote naenda mpakani kununulia duka bidhaa, kumbe nilikuwa naifanya ile sheria kichwani, hakuna aliyeniambia inaitwaje. Nilihisi furaha, na papo hapo hasira ikarudi, kwa sababu nilikumbuka Jumamosi zangu zote za robo na nusu.

Nikafanya mtihani. Nikapata sitini na nane kwa mia.

Niko mwaka wa pili sasa, wakuu. Sikuondolewa.

Mume wangu kwa furaha akatangaza kwenye group la parokia. Pongezi zikamiminika. Sasa subirini. Kesho yake dada mmoja ananiuliza kama Prof ana nafasi, ana mtoto wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Namuuliza, Prof wa nini? Ananitumia picha ya status yake: jina langu, sitini na nane yangu, na chini: "FÉLICITATIONS kwa mwanafunzi wangu! Prof wa CALCUL, nafasi bado ziko."

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili lilikuwa linavuma kwa alama zangu.

Sikumpigia simu. Sikumtukana. Niliingia kwenye group lile lile, mbele ya wazazi wote, nikaandika: "Prof, asante kwa pongezi. Wazazi wanakuulizia. Tusaidie kuonyesha hatua za hii hapa, fupi tu, ni ya somo la mwanzo la integration by parts: ∫ x cos x dx."

Ikatokea "anaandika". Ikapotea. Ikatokea tena. Ikapotea. Mama mstaafu akaweka kicheko. Baada ya kama robo saa, Prof akatoka kwenye group.

Somo langu kwenu: kabla hujamkabidhi mtu kichwa chako au cha mwanao, mpe swali moja alifanye mbele yako, kwa mkono wake, siku ile ile ya kwanza. Anayejua hatakasirika. Na mtu akikwambia huna akili, kwanza uliza nani anasahihisha karatasi zako.

Mliokutana na maprof wa namna hii tiririkeni hapa chini, nitasoma zote. Wataalamu wa hesabu mnaruhusiwa kuweka jibu la ile integral.

Ila nawaomba, mtu asimtumie Prof.