Pakiti ya Maziwa Getini

Jumapili moja naikumbuka kuliko zote nilizokaa kanisani, mwanangu, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nasinzia. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua niko Kidato cha Nne na ndevu zangu zinahesabika, lakini wewe uko Kidato cha Kwanza, na humu bwenini hiyo inanifanya babu yako. Nasikia umeacha kuja ibada. Unasema mtu aliyefanya ulichofanya wewe hana uso wa kuimba. Sikuulizi ulifanya nini; bweni zima linajua. Keti nikueleze nilichofanya mimi, wakati bado nasoma kutwa.

Kanisa letu hapa Garissa unalijua: ukuta mrefu, geti moja, na kabla ya kuingia unapapaswa, waone kama huna silaha. Siku hizo aliyekaa getini alikuwa Abdi, Mwislamu mtu mzima kutoka Buna, ambaye kila Jumapili aliwalinda Wakristo wakisali, halafu akaenda kusali kwake. Alikuwa na kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa kwa waya, na maneno machache: "Warya, fungua mfuko. Haya, bita." Hiyo "warya" yake ya Kisomali ya kumwita mtu, na "pita" inayotoka "bita", nilimwigiza mpaka kwaya nzima ikashika mbavu. Mwenyewe alicheka, akasema nikikosa kazi niende Buna nikachekeshe ngamia.

Siku hiyo nilichelewa makusudi, maana mahubiri yalikuwa marefu. Abdi akaniomba nimshikie geti dakika mbili, akatawadhe kwenye bomba la nyuma. Nikakaa kwenye kiti chake. Mfukoni nilikuwa na pakiti tupu ya maziwa, na unajua shuleni tunavyofanya: unaipuliza ikajaa, unaiweka chini, unaikanyaga. Mle ndani walikuwa kwenye maombi, kimya kabisa. Nikaona wacha niwaamshe, nikaikanyaga.

Mahali pengine watu wangeshtuka kidogo, wacheke. Sisi si wa mahali pengine; hapa Garissa watu wamewahi kupigwa risasi kanisani. Mlio ule ulipotoka, mabenchi yalianguka, watu wakapita madirishani. Mama yangu, anayeuza nyanya sokoni na ambaye hakimbii hata mvua, nilimwona amelala sakafuni juu ya mtoto wa mtu mwingine, amemfunika. Katekista wetu, Mzee Musyoka, alisimama mlangoni akiwaambia watoke polepole. Hawakumsikia. Walipokwisha kupita alikuwa chini, paja limevunjika.

Askari walikuja, hawakuona kitu. Pakiti nilikuwa nimeirudisha mfukoni. Wazee wa kanisa wakamwuliza Abdi alikuwa wapi, akasema ukweli: alikwenda kutawadha, geti akamwachia kijana huyu. Wote wakanigeukia. Nikasema hakuniachia kitu.

Waliniamini. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo, mwanangu, kuliko ule mlio. Hawakuniuliza mara ya pili. Mimi nilikuwa mtoto wao, nimebatizwa pale. Yeye alikuwa yule wa getini, wa dini nyingine. Abdi hakubishana. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu, akachukua birika lake la kutawadhia, akaondoka. Kiti alikiacha.

Wiki tatu sikuigiza mtu. Nyumbani walidhani nina malaria. Wakati wa komunyo natoka nje, nasingizia tumbo. Jumapili ya nne mama akanituma hospitali nimpelekee Mzee Musyoka uji. Miwani yake ilivunjika siku ile, kwa hiyo akaniomba nimsomee Injili, pale alipokuwa ameweka alama. Ilikuwa pale Petro anapoota moto uani na kusema simjui mtu huyu. Nilifika kwenye moto, nikakifunga kitabu. Nikamwambia yote, uji ukipoa.

Aliusogeza uji kando. Nilitamani anipige.

"Mguu ni wangu, na nimekusamehe," akasema. "Ya Abdi siwezi kukusamehe mimi."

Nikamwambia basi, mimi na kanisa tumemalizana. Ndipo akakasirika, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nani amekufukuza? Petro alikana, akalia, akarudi. Bwana hakumwambia si kitu. Alimwuliza kama anampenda, halafu akampa kondoo achunge. Wewe unataka kukimbia kazi, unaiita aibu."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele nikasema. Hakuna aliyecheka, nami nimezoea kuchekewa. Mama alikaa siku tano bila kunisemesha. Chakula ananiwekea, maneno hakuna. Wazee wakamtafuta Abdi wamwombe radhi arudi, lakini alikuwa amekwenda zake Buna, kwa mifugo ya kaka yake. Siku simu iliposhika, nikapewa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yakatoka machache, nikimwita ami kwa Kisomali chake.

"Adeer, nisamehe. Nilidanganya."

Mbuzi walikuwa wakilia nyuma yake.

"Nimesikia. Allah akusamehe. Mimi sirudi. Ile siku wote walinitazama." Kisha akauliza, "Sasa getini nani anakaa?"

"Hakuna mtu, adeer."

"Basi kaa wewe. Na usiondoke."

Hajarudi. Mzee Musyoka naye alipelekwa kwao Mwingi amelazwa nyuma ya gari, na nasikia anatembea kwa magongo mawili. Mimi nilisamehewa, mwanangu, na bado mambo hayakurudi yalivyokuwa. Atakayekwambia msamaha unarudisha kila kitu mahali pake, huyo hajawahi kukosea vya kutosha.

Ninachokuomba ni hiki. Kaseme ulichofanya, kwanza kwa yule uliyemkosea, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako. Halafu usijifukuze mahali ambapo Kristo hajakufukuza. Hakungoja tuwe wasafi ndipo atufie. Angenisubiri mimi, hadi leo angekuwa anasubiri.

Bwana akutazame usoni, nawe usione haya kumtazama. Akupe machozi ya Petro, na baada ya machozi akupe kazi. Jumapili njoo. Kile kiti siku hizi nakikalia mimi, waya nimeukaza upya. Nitakupapasa kama wengine, nitafungua mfuko wako, halafu nitakwambia neno la Abdi, na safari hii simwigizi: bita.