Chumba Kilichobaki Nje ya Karatasi

Mjukuu wangu wa darasa la saba alipewa kazi ya kuchora nyumbani kwao kwa skeli. Tulipima kiwanja kwa kamba, yeye ncha hii, mimi ile, tangu barabarani hadi nyuma ya jiko, kilipo chumba cha mama yake. Mama yake ni binti yangu. Alirudi kwangu hapa Kwihara ndoa ilipomshinda, na kaka zake huniuliza ataondoka lini. Sijawahi kuwajibu.

Juu ya karatasi mtoto akaandika "Nyumbani Kwetu".

"Sentimita moja iwe mita tano," akasema, akaanza kuchora. Nyumba yangu, ambayo wageni waendao kuona nyumba ya zamani ya tembe hupita mbele yake, ikawa ndogo kama kiberiti.

"Mke wangu," nikamtania mjukuu, "unanijengea banda la kuku?"

"Ndiyo skeli hiyo, mzee! Ukitaka jumba, ninunulie karatasi kubwa."

Tulicheka. Kisha nikachukua rula. Nimesoma sekondari, nikamwambia, hizi nazijua: sentimita moja, mita mbili. Nikamsimamia hadi baraza na madirisha yakakaa vizuri. Ilipendeza kweli. Tulipofika jikoni, karatasi ikaisha.

"Babu, chumba cha mama kimebaki nje."

"Kiache tu. Mwalimu atajuaje?"

Binti yangu alikuwa mlangoni pa jiko akipepeta karanga. Ungo ukatulia.

"Basi futa hapo juu, mwanangu," akasema taratibu. "Andika 'Nyumbani kwa Babu'."

Mtoto akanitazama. Nikainamisha macho kwenye rula. Akafuta.

Ningeweza kusema sikujua karatasi ingeishia wapi. Lakini urefu wa kiwanja nilikuwa nao, na kugawa kwa mbili sijasahau. Nilijua, nikaitaka baraza kubwa.

Kesho yake, mchoro ukiwa umeshakwenda shule, niliona haya kukaa barazani. Nikaichukua kamba, nikaenda nyuma ya jiko. Nilitaka tuuchore upya, safari hii tuanzie kwake.

"Nishikie hapa, mama," nikamwambia binti yangu, nikimwonyesha pembe ya chumba chake.

Akafuta mikono kwenye khanga, akashika. Nikarudi nyuma nikiivuta kamba.

"Baba," akasema, bila kuniangalia, "unampimia kaka yupi?"

Kamba ikalegea, upande wangu.