Shada la Mama Gundi

Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka, mtaa mzima humwita Mama Gundi, na jina halikumwonea. Hununua maua ya plastiki kwa magunia, akayabandika kwenye waya kwa gundi ya moto inayonuka kama kandambili iliyoungua, kisha akayaita makoja ya kupambia nyumba. Makoja! Mama yetu alifunga makoja ya majani mabichi: matawi mawili, kikonyo kwa kikonyo, kamba katikati, fundo likafichwa chini ya ua kubwa, na ncha zikaachwa zining'inie juu ya mlango. Yalinyauka upesi, naam, ndiyo maana watu waliyatazama. Kisichonyauka hakitazamwi. Hupanguswa vumbi tu, tena mwenyewe akikumbuka.

Siku wazazi wa mchumba wa binti yake walipokuwa wanakuja kuzungumzia harusi, niliitwa kukaa nao kama mkubwa wa ukoo. Nikamkuta anapamba mlango.

"Shemeji, waya umeufunga duara," nikamwambia. "Koja huachwa wazi. Hilo ni shada la kaburini."

"Duara ndio mtindo. Majani yako waachie mbuzi, shemeji."

Maua yenyewe meupe. Utepe mweusi, eti ndio uliobaki. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wageni wakafika, wakaliona. Baba wa kijana akavua kofia, mkewe akashusha mtandio. Wakaingia kimya, wakakaa ukingoni mwa viti.

"Poleni sana, mama," mzee akasema. "Hatukuwa na habari. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyetangulia."

Mama Gundi akafungua mdomo, lisitoke neno. Ungedhani kaimeza gundi yake. Wageni tayari wanainuka. Mambo ya harusi, wakasema, hayazungumzwi penye msiba. Watarudi mambo yakitulia. Nasi sote tunajua maana ya "tutarudi".

Binti akatoka jikoni na mkasi wa kukatia kuku, akawapita wageni mlangoni, akaukata waya kwa chini. Duara likaachama, ncha zikaning'inia huku na huku, ua moja likang'oka na kutua juu ya kiatu cha mzee.

"Aliyekufa ni ubishi wa mama," akasema. "Karibuni tena, baba."

Mama wa kijana akacheka hadi akashika ukuta. Wakarudi vitini, harusi ikapangwa.

Ungedhani shemeji alijifunza. Alijifunza biashara. Siku hizi amehamia kwenye lango la makaburi na maduara yale yale, gundi ile ile, na wafiwa wanasukumana kumnunua. Waliosahau kuwachumia jani wazima watawachumiaje wafu?

Nimewausia wanangu: nikifa, majani mabichi tu. Juzi alinipita nimekaa barazani, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe, shemeji," akasema, "nimekuwekea lile kubwa."